Kidole kifupi cha mguu: kabla hujakubali mfupa urefushwe

Kidole cha nne cha mguu kikirudi nyuma na kupanda juu ya wenzake, watu hudhani kasoro iko kwenye kidole. Mara nyingi kidole chenyewe hakina neno. Kilichofupika ni mfupa wa metatasali, ule mrefu ulio ndani ya wayo na unaokibeba kidole. Sehemu yake inayokua hufunga mapema, mifupa ya jirani inaendelea kurefuka, yeye anabaki palepale. Ndiyo maana mama anaweza kukuapia kwamba mwanawe alizaliwa na miguu mizima, na kweli alizaliwa nayo. Tofauti huja kuonekana mtoto akiwa na miaka kati ya 4 na 15. Wasichana ndio hupatwa zaidi, na si ajabu ikawa miguu yote miwili. Yangu ni yote miwili.

Nilikulia kambini Jinja, na wazee wa pale walishampa mama kila sababu, kuanzia laana ya ukoo hadi kukanyaga dawa ya mtu. Binti yangu unayesoma haya, hukukanyaga kitu. Wakati mwingine huwa ni ya kurithi, wakati mwingine mfupa uliumia au uliingiwa na maambukizi utotoni. Selimundu, yaani sikoseli, ambayo hapa Uganda tunaijua vizuri, nayo inaweza kuharibu sehemu ya mfupa inayokua. Kama unayo, daktari aijue mapema, kwani inagusa hata namna utakavyopewa nusukaputi.

Swali ninaloulizwa na wengi ni hili: "Dada, nifanyiwe au niache?" Nami huwauliza: unaumia? Mguu unapokanyaga, uzito hugawanywa kwa vichwa vya metatasali zote tano. Mmoja ukiwa mfupi ni kama jiko lenye figa moja lililodidimia: sufuria huyalemea mengine. Hapo ndipo sugu inapoota chini ya wayo, karibu na kidole cha pili au cha tatu, na ukishinda umesimama sokoni au darasani, jioni panawaka moto. Juu nako kidole kinasuguliwa na kiatu mpaka kinachubuka. Hayo ndiyo maumivu yanayostahili kisu. Aibu ya kuvaa ndala mbele za watu naielewa sana, nimeishi nayo, lakini peke yake siioni kuwa sababu ya kutosha kukata mfupa.

Anza na viatu. Tafuta chenye mbele pana na juu pa kutosha. Pale soko la Owino, Kampala, mwambie muuzaji unataka cha kidole kupumua, atakuchambulia. Fundi wa viatu anayejua kazi, au wataalamu wa viungo hospitalini, wanaweza kuweka mto mdogo chini ya wayo unaopunguza uzito kwenye sugu. Wapo waliopona kero kwa hilo tu.

Ikishindikana, kuna njia mbili. Ya kwanza, mfupa hukatwa na kuwekewa kipande cha mfupa mwingine, mara nyingi kutoka nyonga, ukarefushwa siku hiyohiyo. Hupona upesi zaidi, ila haifai kwa urefu mkubwa: ukizidi sentimita moja hivi, mishipa ya damu na ya fahamu huvutwa ghafla na kidole kinaweza kukosa damu. Ya pili ndiyo niliyofanyiwa mimi mguu wa kushoto. Mfupa hukatwa, pini zikapitishwa na kushikwa na chuma kidogo nje ya mguu. Unasubiri kama wiki moja, kisha skrubu huanza kuzungushwa kidogo kidogo, nusu milimita hadi milimita moja kwa siku, na mfupa mpya unaota kwenye ule mwanya. Ni kanuni iliyojengwa na daktari Gavriil Ilizarov kule Kurgan, Siberia, tangu miaka ya 1950.

Hapo kwenye kuzungusha ndipo ninapotaka mnisikilize. Siku ya upasuaji si kitu, umelala. Kazi ni miezi inayofuata, maana urefu ukishapatikana chuma hakitoki. Kinabaki mpaka eksirei ionyeshe mfupa umekomaa, na kungoja huko huchukua muda mrefu kuliko kuvuta. Weka mtu mmoja wa kuzungusha skrubu na kuandika daftarini, asubuhi na jioni. Wangu alikuwa mdogo wangu wa kike, na hakuwahi kuniuliza kama nimechoka. Pini zisafishwe jinsi nesi alivyokufundisha, na ukiona wekundu unaoenea, usaha au maumivu yanayoongezeka, rudi kwa waliokupasua. Usimalizie kwenye duka la dawa kwa vidonge vya kubahatisha. Boda boda sahau. Matope ya masika pia, panga upasuaji nje yake ukiweza.

Kingine: kidole hukakamaa. Mfupa ukirefuka, kano hazirefuki kwa hiari, na kiungo cha chini ya kidole kinaweza kukaza au hata kuteguka. Muulize daktari kabla, atakilindaje? Madaktari wengine hupitisha waya kwenye kiungo kwa sababu hiyo. Changu kimekaa sawa na wenzake lakini hakikunji kama zamani. Sugu imeisha, natembea kutoka Wandegeya hadi mjini bila kuchechemea, na kwangu hayo yanatosha.

Usikubali kupasuliwa na asiye daktari bingwa wa mifupa. Hospitali ya Mulago ina kitengo cha mifupa, na hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, njia ya Entebbe, ilijengwa kwa ajili ya upasuaji wa watu wenye ulemavu, hasa watoto. Ukianzia huko utaelekezwa. Kwa mtoto, mara nyingi hushauriwa kusubiri mifupa imalize kukua. Na bajeti iwe na nauli za kurudi kliniki, eksirei, na siku utakazokosa kazini.

Mguu wangu wa kulia una kidole kilekile kifupi. Hauumi, kwa hiyo nimeuacha.