Milioni sita au milioni tisa na nusu?

SWALI: Ndugu mshauri, nataka kukarabati jiko la nyumba yangu iliyopo Tabata, Dar es Salaam, lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.6. Nahitaji marumaru mpya, makabati, sinki, na kaunta ya graniti itakayofuata kuta mbili kwa jumla ya mita 5. Fundi wa kwanza amenitajia shilingi milioni 6, wa pili milioni 9 na nusu, na wote wawili walisimama mlangoni wakaangalia tu bila kupima chochote. Nimwamini yupi? Na je, ninunue kwanza sinki au graniti?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimwamini yeyote kati yao, kwa sababu hujui kila mmoja amehesabu nini. Huenda wa kwanza ametaja ufundi na baadhi ya vifaa tu, na wa pili ametia makabati ya mbao ngumu ambayo hukumwomba. Kabla ya kuzungumzia shilingi, andika kiasi cha kila kitu, kwani bei hubadilika kila mwezi lakini vipimo vya jiko lako havibadiliki.

Tuanze na sakafu. Mita 3 mara 3.6 ni mita za mraba 10.8, ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa na vitakavyovunjika, unapata karibu 11.9. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida huwa na vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo utahitaji maboksi 9. Ukuta ulio juu ya kaunta, ukiupandisha sentimita 60, una mita za mraba 3, nao ufanyie hesabu hiyohiyo. Fundi atakayekuandikia maboksi 14 ya sakafu mwulize ya ziada yanakwenda wapi. Si lazima awe mwizi, ila wapo wanaopewa cha juu na mwenye duka.

Makabati na kaunta ndiyo yanayomeza fedha nyingi, na hapo ndipo tofauti ya milioni tatu na nusu inapoweza kujificha. Neno "kabati" peke yake halitoshi: karatasi ieleze kama ni MDF (mbao za kiwandani zinazotengenezwa kwa nyuzi za mbao na gundi) au mbao ya mninga, idadi ya milango na droo, na aina ya bawaba na reli. Binafsi singeweka MDF chini ya sinki, maana ikipata maji huvimba na hairudi tena katika hali yake.

Yapo pia mambo ambayo fundi hatayataja asipoulizwa: kubomoa marumaru za zamani, gari la kuondoa kifusi, saruji, gundi na grauti ya kuziba nafasi kati ya marumaru, na kuhamisha bomba la maji machafu iwapo sinki itabadilishwa mahali. Ikiwa utatumia jiko la umeme lenye oveni, mwite fundi umeme aliyesajiliwa akague nyaya kabla ukuta haujafunikwa, kwa kuwa jiko la namna hiyo huhitaji laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kuu.

Orodha ikikamilika, wape mafundi wote wawili nakala ileile, wajaze bei ya kila mstari, vifaa mbali na ufundi, huku wewe ukiulizia bei za vifaa hivyo katika maduka mawili au matatu ya Kariakoo na ya jirani, na kuhakikisha kama bei unazotajiwa zimejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Juu ya jumla, tenga asilimia 10 hadi 15 ya dharura, nayo ikae mfukoni mwako bila fundi kuijua. Malipo ya ufundi yatolewe kwa hatua, kila hatua baada ya kazi kuonekana.

Kuhusu swali lako la mwisho, nunua sinki kwanza. Tundu hukatwa kwa kipimo cha sinki yenyewe, kwa hiyo ipeleke kwa mkata graniti, na mwulize mapema kama gharama ya kukata tundu na kung'arisha kingo imo katika bei ya mita aliyokutajia, kwa sababu mara nyingi haimo.