Jiko la gesi asilia kulitumia na mtungi: spea zipi za jiko bovu zinafaa?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimenunua jiko la kuchomea nyama la mtumba, limekuja na kontena kutoka Marekani. Lina mabomba matatu ya moto, na ubavuni limeandikwa kuwa ni la gesi asilia. Mimi hapa Mbezi Beach natumia mtungi. Nina jiko bovu la plate nne la gesi ya mtungi. Je, naweza kung'oa jeti (vile vipande vidogo vyenye tundu vinavyopitisha gesi kwenda kwenye moto), regulata na mpira wake nikafunga kwenye hili? Jirani yangu anasema nichomeke tu mpira kwenye mtungi nianze kuchoma.

JIBU: Salama, ndugu. La jirani liache kabisa. Ukiunganisha mtungi bila kubadilisha kitu, moto utatoka karibu mara mbili ya ule jiko lilioundwa kuuhimili, tena wa njano, mrefu, wenye masizi. Unaweza kuunguza mpira, na hata mchomaji mwenyewe.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ya mtungi, kwetu hapa, ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwa ujazo uleule, propani ina joto kama mara mbili na nusu ya methani. Na presha nayo inatofautiana: majiko ya Marekani ya gesi asilia mengi hupokea kama milibari 17, wakati regulata ya mtungi hutoa 28 hadi 30. Kwa hiyo tundu la jeti lazima lipungue. Chukua kipenyo cha tundu la jeti iliyopo, zidisha kwa 0.7. Jeti ya milimita 1.3 inataka mbadala wa kama 0.9.

Sasa jiko lako bovu. Jeti zake zina namba ndogo iliyogongwa kichwani. 85 maana yake tundu ni milimita 0.85. Hiyo hukaa kwenye plate kubwa, na kwa mfano huo wa 1.3 ingekufaa vizuri: ikiwa ndogo kidogo kuliko hesabu ni salama, ikizidi ndiyo hatari. Tatizo ni kwamba jiko la plate nne mara nyingi lina plate kubwa moja tu. Za kati huwa na jeti ya 65 au karibu na hapo, ambayo hupitisha kama asilimia 60 tu ya gesi ya ile ya 85. Ukiifunga, nyama itatoa maji badala ya kubanika. Unahitaji jeti tatu zinazofanana, kwa hiyo tafuta majiko mengine mabovu kwa mafundi, au nunua mpya.

Hakikisha nyuzi za jeti (mistari yake ya skrubu) zinaingia kwa mkono mpaka mwisho kabla ya kugusa spana. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba jeti ya zamani inazibwa kwa risasi ya kuchomelea kisha inatobolewa upya. Risasi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi, na jiko la nyama halina shida kufika huko.

Regulata na mpira wa zamani vitupe. Hapa sibembelezi. Ndani ya regulata kuna kiwambo cha mpira kinachokauka kwa miaka, na kikishakauka presha haitabiriki tena. Nunua mpya ya presha ndogo inayoingia kwenye valvu ya mtungi wako, si ile ya kuzungusha, ya presha kubwa, wanayotumia wakaanga chips. Kama jiko lina regulata yake ya gesi asilia pale gesi inapoingilia, iondoe. Nyuzi za Kimarekani zikikataa kiungio cha kwetu, peleka kipande chenyewe kwa mafundi wa Gerezani, karibu na Kariakoo, wakuchongee cha shaba nyeupe.

Mabomba ya moto, nyavu na vishikio vya hilo jiko endelea navyo. Ila upepo wa bahari huko kwenu unakula chuma: bomba lililotoboka kwa kutu halifai, na ndani ya midomo yake buibui hupenda kujenga, kwa hiyo pitisha brashi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kabati la chini. Gesi asilia ikivuja hupanda juu na kutoweka. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini ikisubiri cheche. Toboa matundu makubwa kwenye sakafu ya kabati, au bora zaidi, weka mtungi nje pembeni.

Ukishafunga, zima swichi zote za jiko, fungua mtungi, paka povu la sabuni kila kiungio. Pasiwe na kiberiti karibu. Pakitoa mapovu, funga mtungi na ukaze upya. Kisha washa bomba mojamoja. Propani inataka hewa nyingi zaidi, hivyo fungua kifuniko cha hewa kwenye mdomo wa bomba kidogo kidogo mpaka moto uwe wa bluu. Ukiona unaruka na kuachana na matundu, hewa imezidi, rudisha. Ukibaki wa njano hata kifuniko kikiwa wazi kabisa na bomba ni safi, jeti yako ni kubwa. Shuka namba moja.