Suti za Heaven 17 zilinidanganya

Nakala yangu ya kwanza ya Penthouse and Pavement, albamu ya bendi ya Uingereza Heaven 17, ilikuwa kaseti ya kurekodiwa, haina jalada. Niliipiga kwenye sherehe kwa miaka, watu wakicheza, mimi mwenyewe nisijue inasema nini. Nilipokuja kuliona jalada, wanaume wamevaa suti za kiofisi kama kwenye kipeperushi cha kampuni, nikaamua hii ni albamu ya kuwasifu mabosi. Nikaiweka kabatini.

Kumbe kejeli ilinipita. Ukitaka kuirudia, anza na mwaka wake, 1981, na mji wake, Sheffield, mji wa Uingereza wa viwanda vya chuma, uliokuwa umetoka tu kwenye mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa viwanda hivyo. Waziri Mkuu Thatcher yuko madarakani. Kule Marekani, Rais Reagan ameapishwa Januari. Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliojitoa kwenye bendi ya Human League, wanajiita kampuni, British Electric Foundation, na kumpa Glenn Gregory kazi ya kuimba; hao watatu ndio Heaven 17. Ukishajua hayo, zile suti zinachekesha.

Wimbo wa kwanza, "(We Don't Need This) Fascist Groove Thang", unamgusa Reagan, na BBC ilikataa kuupiga. Usikae ukitafuta hotuba ndani yake. Sikiliza gita la besi la John Wilson, kijana mdogo wakati huo, linavyokimbia juu ya mashine ya ngoma. Tafadhali, si kwa spika ya simu! Besi ikipotea, kinachobaki ni watu wanaopiga kelele.

Halafu heshimu pande za santuri. Wa kwanza ni wa pavement, kando ya barabara, una besi na jasho. Wa pili ni wa penthouse, kule juu ghorofani kwa wenye pesa, na vinanda vya umeme vimetawala, baridi tupu. Matoleo mapya huongezewa nyimbo; wewe simama kwenye wa tisa.

Si zote zimezeeka vizuri. "Song with No Name" huwa nauruka. "Let's All Make a Bomb" niliwahi kuuona umepitwa na wakati, mzaha wa enzi za hofu ya nyuklia. Siku hizi nikiusikia sicheki.

Juzi binti yangu aliliona jalada mezani, akaligeuzageuza. "Baba, hawa wanauza bima?"

Nikaongeza sauti.