Maswali na Majibu: Seva Imekufa, Nakala Ipo

Seva mwenyeji imekufa usiku. Mashine pepe zetu (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva hiyo) zinarudufiwa kwenye seva ya pili kwa Hyper-V Replica, huduma ya Windows Server ya kunakili mashine pepe, lakini hakuna iliyojiwasha. Tatizo ni nini?

Hakuna tatizo. Tangu ilipoingia na Windows Server 2012, Hyper-V Replica husubiri mtu atoe amri. Ukitaka kitu kinachojiwasha chenyewe, hiyo ni kazi ya klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja. Nenda seva ya pili ukaamuru feilova (kuhamishia kazi kwenye nakala), mashine moja baada ya nyingine. Tangulia na ile yenye Active Directory (akaunti za watumiaji) na DNS (majina ya mtandao), ifuate hifadhidata, halafu programu zinazoitegemea. Chagua nukta ya urejeshaji (hali ya mashine iliyohifadhiwa wakati fulani) iliyo ya karibuni zaidi, washa, kisha ukague data yenyewe. Kuona skrini ya kuingilia hakutoshi. Usikamilishe feilova kabla ya ukaguzi huo, kwa sababu ukikamilisha, nukta nyingine zote zinafutwa. Kabla ya hapo bado unaweza kughairi na kujaribu nukta ya nyuma.

Tumepoteza data ya muda gani?

Yote iliyoandikwa baada ya mabadiliko ya mwisho kufika seva ya pili. Kuanzia 2012 R2 unachagua yatumwe kila sekunde 30, dakika 5 au dakika 15. Lakini hesabu hiyo ni ya urudufishaji unaofanya kazi. Wengi wanaoniuliza hivi urudufishaji wao ulikwama zamani na hakuna aliyefungua ukurasa wa hali yake. Ufungueni kila siku.

Mashine imewaka ila haina mtandao.

Iunganishe na swichi pepe ya seva ya pili (swichi ya kiprogramu inayounganisha mashine pepe na mtandao), kisha kagua anwani ya IP.

Seva ya zamani imetengenezwa. Niiwashe tu?

Hapana! Chomoa kwanza kebo ya mtandao. Kwa kawaida Hyper-V huziwasha tena mashine zilizokuwa zikifanya kazi kabla ya seva kuzimika. Ukiiacha mtandaoni utakuwa na mashine mbili zenye jina moja na anwani moja, watumiaji wakiandika huku na kule, na hakuna programu itakayokuunganishia rekodi hizo. Nimeona watu wakinusurika kuharibika kwa seva, kisha wakaumia katika hatua hii. Iwashe ikiwa pekee, zima mashine zake zote, ondoa mpangilio wa kujiwasha, ndipo urudishe kebo. Kisha geuza urudufishaji utoke seva ya pili kwenda ya zamani. Mabadiliko yakishafika yote, panga siku ya kurudi kwa feilova iliyopangwa: unazima mashine, mabaki yanatumwa, hakuna kinachopotea.

Kwa kuwa tuna nakala, bekapu bado ina haja?

Swali hili linakuja kila mara, na jibu halijabadilika: ndiyo, tena sana. Faili ikifutwa kule, itafutwa na huku. Virusi vya kudai fidia vikisimba diski, usimbaji huo utarudufiwa kwa uaminifu uleule. Nukta za urejeshaji zinaweza kufika saa 24 nyuma; shambulio likigunduliwa siku ya tatu, hazikusaidii. Weka bekapu mahali ambapo nywila za seva hizi hazifiki.

Naweza kujaribu feilova bila kusumbua watumiaji?

Unaweza, na ni wajibu wako. Feilova ya majaribio huunda mashine ya pembeni isiyounganishwa na mtandao, huku urudufishaji ukiendelea. Ingia ndani, fungua hifadhidata, soma rekodi za jana. Ukimaliza, sitisha jaribio. Mashine hiyo itaondolewa. Fanya hivyo kwa kila mashine, si ile ndogo iliyo rahisi.