Pendekezo liko ukurasa wa kumi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha uandishi wa kibiashara kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya usimamizi. Wengi ni watu wazima wenye vyeo kazini, na wananiambia waziwazi hawakuja chuoni kujifunza kuandika. Nikiwapa ripoti, naletewa utangulizi, usuli na nadharia. Pendekezo lenyewe linachungulia ukurasa wa kumi. Nimewapa orodha ya kanuni, nimesahihisha kwa wino mwekundu, wapi! Nifanyeje?
Mhadhiri mpya

JIBU: Marahaba. Hao wanaandika vilevile walivyofundishwa. Tangu shahada ya kwanza wamemwandikia msomaji mmoja tu, mwalimu, ambaye analipwa asome hadi mwisho na anataka kuona umesoma vitabu gani. Kwa tasnifu ni sawa. Bosi halipwi kukusoma. Anataka kujua unamwomba nini, kwa sababu gani, na asipokubali itakuwaje.

Kwa hiyo kanuni ziweke kando, wape msomaji. Usiseme "andikeni ripoti kuhusu maghala." Sema: mkurugenzi wa fedha anaingia kikaoni baada ya dakika kumi, ombi kama hili alilikataa mwaka jana, mwandikieni ukurasa mmoja aamue.

Mwanafunzi wangu mmoja, meneja wa usafirishaji, alianza hivi: "Kufuatia mabadiliko mbalimbali yanayoendelea kujitokeza katika mazingira ya biashara, imeonekana kuna umuhimu wa kufanyika kwa tathmini ya matumizi ya maghala." Nikamuuliza kwa mdomo, kwani wewe unataka nini? Akajibu papo hapo: "Tufunge ghala la pili kabla mkataba wa pango haujajirudia. Tukichelewa, tumefungwa miaka mitatu mingine." Nikamwambia aandike hayo hayo. Akadhani namtania. "Hivyo tu, Mwalimu? Si nitaonekana sijasoma?"

Ugonjwa uko hapo. Isome tena ile sentensi yake ya kwanza: haina mtu ndani. Hakuna aliyeona, hakuna anayetaka kufanya lolote, na mambo yakiharibika hakuna wa kuulizwa. Watu wenye vyeo huipenda sana sentensi ya namna hiyo.

Wakikuringia vyeo, wape habari za wenye vyeo zaidi. Tarehe 9 Agosti 1940, vita imepamba moto, Waziri Mkuu Churchill aliwaandikia watendaji wa serikali ya Uingereza wafupishe ripoti: hoja kuu kwa aya fupi, takwimu ndefu ziende kwenye kiambatisho. Mwaka 2004 Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni ya Amazon, aliziondoa slaidi za PowerPoint kwenye vikao vya viongozi wake wa juu. Badala yake ikaja hati isiyozidi kurasa sita, na kikao huanza kwa kuisoma kimya.

Huo usomaji wa kimya uige darasani. Mpe mwanafunzi karatasi ya mwenzake, aisome, kisha aseme ameombwa kuamua nini. Mwenye karatasi haruhusiwi kufungua mdomo. Akisikia ombi lake linasemwa sivyo mbele ya darasa zima, atarudi kuliandika upya bila wewe kumhimiza. Hata aliyeandikiwa na akili mnemba atabanwa hapo, maana maneno yatakuwa yamenyooka lakini ombi halionekani.

Wino mwekundu upunguze. Sahihisha ukurasa wa kwanza tu, urudishe bila alama, alama itoke baada ya kuandika upya. Ukishaweka alama juu, maoni yako hakuna anayeyasoma. Makosa ya tahajia yapitie haraka, ila tarakimu iliyokosewa usiisamehe.

Na mazoezi usiyatunge yote mwenyewe. Waombe walete barua pepe walizowahi kutuma kazini zikakosa majibu, wakiwa wamefuta majina ya watu na kampuni. Zichunguze hizo kabla hujazigusa ripoti.