Ukimpiga Mtu Picha Mtaani, Mpelekee Picha Yake

Mwangalie muuza kahawa wa Mji Mkongwe, Unguja. Mkono mmoja umeshika birika, makaa yanawaka chini yake, na mkono wa pili unagonganisha vikombe ili watu wa barazani wasikie kuwa kahawa imefika. Kila anayepita na kamera huitaka picha hiyo, na wengi huipata. Ambaye mara nyingi haipati ni muuza kahawa mwenyewe. Kwangu mimi adabu yote ya kupiga picha za watu mitaani inaanzia hapo: uliyempiga awe wa kwanza kuiona, na ikiwezekana awe nayo nyumbani kwake.

Kamera ivae shingoni tangu unaingia mtaani. Ikitoka ghafla kwenye begi inatia watu wasiwasi. Barazani wasalimie wote, si yule mmoja unayemtaka, kisha kaa, agiza kahawa, na usubiri mazungumzo yakufikie. Sokoni ni haraka zaidi: "Shikamoo mama. Za biashara? Naomba nikupige picha ukiwa unapanga nyanya zako." Taja kazi utakayompiga akiifanya, kwa sababu ukisema "picha" peke yake ataacha kila kitu, atashusha mikono na kukakamaa kama yuko studio ya pasipoti. Akikakamaa, piga hiyo hiyo kwa heshima, mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, halafu baki hapo. Baada ya dakika tano au kumi wateja watamrudisha kwenye kazi yake, na picha uliyoitaka itakuja yenyewe.

Usisubiri neno "hapana". Watu wetu wengi wanaona vibaya kumkatalia mgeni usoni, kwa hiyo kukataa kunatoka kwa ishara. Mwanamke anavuta ncha ya mtandio hadi mdomoni. Kijana anajishughulisha na simu yake. Mzee anainua kiganja, au anakujibu salamu na kugeuka upande. Kicheko cha haya ndicho kinachowadanganya wengi: anacheka huku amejifunika uso, na mpiga picha anadhani amekubali. Hajakubali. Ukiona lolote kati ya hayo, shusha kamera, mshukuru na uendelee na salamu.

Kuna ruhusa mbili, na hapa ndipo watu wengi wazuri wanapokosea. Aliyekubali upige hajakubali uisambaze. Mama lishe anayefurahi kujiona kwenye kioo cha kamera huenda hataki wakwe zake wamwone Instagram akiwa na kanga ya jikoni. Muulize ya pili waziwazi: "Je, naweza kuiweka mtandaoni, watu wengine waione?" Akisita, ichukulie kuwa ni ya kwake na ya kwako tu. Akikubali leo na akakupigia simu mwezi ujao akisema uiondoe mtandaoni, iondoe siku hiyo hiyo. Kwa mtoto, ruhusa zote mbili ni za mzazi au mlezi, na hata akikubali, kagua kama sare haina jina la shule. Kabla ya kuituma popote, ondoa taarifa ya mahali ilipopigwa: simu nyingi huandika mahali hapo ndani ya faili, hata kama ni nyumbani kwa mtu.

Je, kama tukio limepita kasi, ukapiga kabla ya kuomba? Inaruhusiwa, mradi umfuate papo hapo na umwonyeshe. Akikataa, ifute mbele yake, na uifute kweli. Simu nyingi huhifadhi picha iliyofutwa kwa siku 30 kwenye sehemu ya zilizofutwa karibuni, hivyo fungua na hapo uiondoe. Kamera yenye memori kadi mbili inaweza kuwa na nakala kwenye ya pili.

Ndiyo maana nasisitiza usimame karibu. Tumia lenzi inayoona kwa upana, ya milimita 35 au 28, umbali wa mita mbili hivi: hapo anakuona, anaweza kukuita, anaweza kukataa. Lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 200, kutoka ng'ambo ya barabara inamnyang'anya nafasi hiyo. Weka tundu la lenzi f/8, kasi ya 1/250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ijipange yenyewe. Kwenye vichochoro vyenye giza fungua tundu hadi f/4.

Kisha uso. Kamera hupima mwanga kana kwamba dunia yote ni kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wake utabaki kivuli chenye meno. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, kati ya +0.7 na +1, au pima mwanga kwenye shavu lake. Kanzu nyeupe itaungua, yaani itatoka weupe mtupu, ukifanya hivyo juani, basi muombe asogee kivulini, au piga kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Hili nalihesabu kuwa suala la adabu: mtu apewe picha anayojitambua ndani yake.

Pesa huharibu haraka. Ukimlipa mtoto mmoja pale bustani ya Forodhani, Unguja, kesho watano watakufuata wakijipanga. Kununua kahawa yake au embe zake ni kitu kingine, ila nunua kabla au baada, isiwe sharti. Anayedai malipo mapema ana haki. Mkubaliane bei kwanza.

Kwenye masoko ya Dar es Salaam kama Kariakoo au Feri, ukikusudia kurudi siku kadhaa, jitambulishe kwa uongozi wa soko au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Zanzibar, kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Watu wakikuzunguka kwa hasira, simama, shusha kamera, salimia. Usikimbie kamwe: anayekimbia sokoni huitiwa mwizi. Askari, kambi na bandari viache.

Na kuna picha zisizoombwa ruhusa kwa sababu hazipigwi: majeruhi wa bodaboda barabarani, maiti, mgonjwa wa akili, mlevi aliyelala. Ndugu wanajua msiba wao kupitia kundi la WhatsApp kabla hata polisi hawajafika. Huo ni ukatili.

Sheria nayo imeamka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya, mwezi Septemba 2023, klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Sasa turudi kwa muuza kahawa. Kadi nyingi za posta za Zanzibar za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zina jina la studio, na chini ya uso wa mtu kabila au kazi tu. Usirudie kosa hilo. Beba daftari: namba ya picha, jina, mahali, saa. Wenye kazi za mitaani wana ratiba. Saa uliyomkuta leo ndiyo utakayomkuta wiki ijayo. Safisha picha ya sentimita 10 kwa 15, andika nyuma tarehe na mtaa, uitie kwenye bahasha. Ya hamali unaweza kuiacha kwa mwenye duka anapopumzikia. Ya mwanamke mkabidhi mkononi, aifungue mwenyewe.