Zamu Zisizotabirika Zinanivurugia Masomo

SWALI: Ndugu Mshauri, nasoma chuoni, mwaka wa pili, na nahudumia wateja dukani kwa saa 20 kwa wiki. Saa zenyewe si nyingi, ila msimamizi hututumia zamu usiku wa kuamkia siku ya kazi, hata nafunga duka saa sita usiku ilhali nina mhadhara saa mbili asubuhi. Siku hizi nawachukia hata wateja wasionikosea. Je, niache kazi, au ni uvivu wangu tu?

JIBU: Ndugu msomaji, sioni uvivu hapa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, linautaja uchovu wa kazi kuwa na sura tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Shirika hilo haliuiti ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa ipasavyo. Hiyo chuki kwa wateja huenda ikawa ndiyo sura ya pili.

Kinachokuumiza, kwa maoni yangu, ni kukosa kauli juu ya saa zako kuliko wingi wake. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima uamuzi. Hebu hesabu: kati ya kufunga duka na mhadhara zimebaki saa nane, na humo mna safari, kuoga na kazi ya darasani, ilhali mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi.

Usiache kazi kabla ya kuzungumza. Mwendee msimamizi wakati duka limetulia, ukiwa na ratiba ya mihadhara na mitihani uliyokwisha kuitia alama, umwombe mambo mawili tu: zamu zitangazwe wiki moja kabla, na usipangiwe kufunga duka usiku wa kuamkia mhadhara wa asubuhi. Wasimamizi wengi hawana nia mbaya. Huziba tu mapengo kadiri yanavyojitokeza. Akikubali, mwandikie ujumbe mfupi wa kuthibitisha mlichokubaliana. Akikataa, anza kutafuta kazi nyingine ungali katika hii, kwa kuwa ada haisubiri. Na usingizi ukigoma hata siku za mapumziko, muone mshauri nasaha wa chuo mapema, kabla ya msimu wa mitihani.